Vidonge, uloto, krispa au kisu: nimelinganisha kwa ajili ya mdogo wangu na wenye AS wote wa Kanda ya Ziwa

Mdogo wangu na mchumba wake walipima damu mwezi uliopita, wote wawili AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya sikoseli bila yeye kuumwa. Alinipigia nikiwa mwaloni Kirumba nachagua dagaa, nikasikia tu anahema, alafu akasema dada majibu yametoka, mimi nikakaa hapohapo juu ya ndoo maana nilishajua kabla hajamaliza. Mwanangu wa kwanza ana sikoseli, SS kamili, yaani amerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, ana miaka 9, kwa hiyo kwetu hakuna mtu anayehitaji kuelezewa hii kitu ni nini.

Alichouliza ni hiki: siku hizi si wanabadilisha jeni, kwa nini tusibadilishiwe? Au mtoto abadilishwe kabla hajazaliwa, yaishe kabisa kwenye ukoo? Na baadaye usiku akanitumia meseji nyingine, kama sikoseli inabadilishika basi na rangi, urefu, akili navyo vinabadilishika, nani anasema mwisho uko wapi. Nimekaa na hayo maswali wiki tatu, nimesoma, nimewasumbua madaktari wawili ninaowafahamu, nimeona niandike vitu vikae upande kwa upande, kwa sababu watu wanavitia vyote gunia moja, wengine wanaliita kuchezea kazi ya Mungu, wengine wanaliita maendeleo, na ukilifungua hilo gunia vilivyomo havifanani hata kidogo.

Kwa nini sisi. Sampuli za watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa zilizopimwa hospitali ya Bugando hapa Mwanza zilionyesha karibu mtoto mmoja kati ya watano ana AS. Na hii haikuanza jana: daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali akakuta jeni ya sikoseli imejaa pwani na huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, nyanda za juu karibu hakuna, na 1954 akachapisha sababu, kwamba mwenye AS hafi kirahisi kwa malaria. Maana yake jeni hiihii inayomliza mwanangu ndo iliyowavusha bibi zetu wakiwa wadogo. Naomba uishike hiyo, nitairudia.

Hesabu yenyewe mnaijua, AS akizaa na AS kila mimba ina asilimia 25 ya SS. Kila mimba. Watu wanadhani ukizaa wanne mmoja ndo ataumwa, hapana, kuna mama namfahamu Igoma ana watatu na wote ni SS, kila mimba inaanza hesabu upya.

Kipimo ninachotumia

Kabla sijalinganisha niseme napimia nini, maana bila kipimo utabaki unashangaa tu mashine. Mchukue huyo mtu kichwani mwako, mpeleke kisiwa kimoja huko mbele ya Ukerewe, chakula kipo, hakuna jirani, hakuna shemeji, hakuna wa kumwangalia wala wa kumcheka. Bado anaumia?

Mwanangu ukimpeleka huko bado saa tisa usiku ataamka. Halii, siku hizi ameacha kulia, anauma kola ya fulana mpaka inalowa na anakunja vidole vya miguu, mimi nachemsha maji natia kwenye chupa, naizungushia kanga naiweka chini ya goti, alafu tunasubiri dawa ya maumivu ishike. Macho yanakuwa ya njano kama manjano ya pilau. Yale maumivu hayahitaji mtu wa kuyatazama ndo yawepo. Ni herufi moja tu imekosewa kwenye jeni, chembe nyekundu badala ya kuwa duara laini inajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, mfupa unakosa hewa.

Swali la pili: nani amesema ndiyo, na hayo mabadiliko yanaishia kwake au yanaendelea kwa watoto na wajukuu? Mengine yote, bei, dini, teknolojia, nayaweka baada ya hayo mawili.

Vidonge na uloto

Haidroksiyurea ni kidonge cha kila siku. Inauamsha mwili uendelee kutengeneza ile himoglobini (kinachobeba hewa kwenye damu) ya tumboni, aliyokuwa nayo mtoto kabla hajazaliwa, ambayo haijikunji. Jeni haiguswi. Majaribio yaliyofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda yalionyesha inapunguza maumivu, inapunguza kuongezewa damu, inapunguza hata malaria na vifo kwa watoto wa Kiafrika, kwa hiyo yule anayekwambia ni dawa ya wazungu haitufai sisi, mwambie imejaribiwa hapa jirani. Kero yake ni kupima damu mara kwa mara na kwamba ukiacha umeacha, haiponyi. Mwanangu alianza akiwa na miaka 4, kabla ya hapo nilikuwa nalazwa naye karibu kila mwezi, sasa hivi mwaka jana mzima tumelazwa mara mbili. Kimaadili sioni tatizo lolote hapa, tatizo langu ni mzazi anayeijua na hampi mtoto.

Uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, ndo unaponya. Unachukua uloto wa ndugu anayefanana naye chembechembe, unampandikizia. Zamani ilikuwa India, lakini tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wanafanya kwa watoto wa sikoseli, yaani unapanda basi asubuhi hapa Nyegezi unafika. Shida ni kumpata huyo ndugu, kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi ya robo tu ya kufanana.

Na hapa kuna jambo watu wanalipita haraka. Anayetolewa uloto mara nyingi ni mtoto pia, mzima, anatobolewa mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi kwa ajili ya kaka yake. Yeye amesema ndiyo? Ana miaka 6, atakwambia ndiyo kwa sababu mama analia. Binti yangu nilimpima, hakufanana, na kiukweli nilihuzunika na moyoni kuna kitu kikashuka pia, kwa sababu sikuwa nimejua nitamuulizaje. Alafu kuna ndugu walinishauri nizae mwingine nijaribu bahati. Nikawauliza akizaliwa hafanani tutamwambia alizaliwa kwa nini? Kama mtoto tayari yupo na anafanana, na kuna daktari mwingine anayemsimamia yeye peke yake, mimi ningekubali, maumivu yake ni ya siku chache na ya kaka ni ya maisha. Kumzaa kwa kazi hiyo, hapana.

Damu yako au mbegu yako

Hapa ndo penyewe, na hapa ndo watu wanachanganya zaidi.

Krispa (CRISPR) ni kama mkasi wa kukata jeni mahali unapotaka. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipata Nobel 2020 kwa hiyo kazi. Kwa sikoseli dawa yake inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Wanachukua chembe mama za damu yako mwenyewe, wanazipeleka maabara, wanakata swichi inayozima ile himoglobini ya tumboni, alafu wanakurudishia. Kabla ya kukurudishia wanauchoma uloto wako wa zamani kwa dawa kali kama za kansa, unakaa hospitali wiki nyingi, nywele zinatoka, mdomo unachanika, na kuna hatari ya kutozaa tena. Mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, ndo alikuwa mgonjwa wa kwanza wa sikoseli Marekani kutibiwa hivyo, 2019, na tangu hapo ameishi bila yale maumivu. Kwenye majaribio, kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali. Kwa mtu aliyelala chini ya kitanda cha wodi akisubiri asubuhi, hiyo namba inaliza.

Bei: dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Zaidi ya bilioni 5 za kwetu. Ugonjwa ambao wagonjwa wake wengi wako Afrika, dawa inauzwa kwa bei ambayo hata bima za huko kwao zinahema. Hili nalo ni swali la maadili na nasikitika linavyowekwa mwisho wa mazungumzo kana kwamba ni la mhasibu.

Lakini angalia kipimo. Maumivu yapo hata kisiwani, ndiyo. Aliyesema ndiyo ni mgonjwa mwenyewe, dawa imeruhusiwa kuanzia miaka 12. Na mabadiliko yanakaa kwenye damu yake, hayaendi kwenye mbegu, mwanaye atazaliwa na jeni zilezile za baba na mama. Inaanza kwake inaishia kwake.

Sasa weka pembeni yake kile anachouliza mdogo wangu, kubadilisha kiinitete chenyewe, mtoto akiwa bado chembe chache kwenye maabara. Hapo unachobadilisha kinaingia kila mahali, damu, ubongo, mbegu zake, na watoto wake na wajukuu. Novemba 2018 mwanasayansi wa China anaitwa He Jiankui alitangaza kwamba amefanya hivyo, mapacha wa kike wamezaliwa, alikata jeni ya CCR5 ili eti wasipate VVU kwa sababu baba yao alikuwa nao. Dunia nzima ilipiga kelele, mahakama ikampa miaka 3 jela na faini yuan milioni 3. Na watu wa hapa tunaweza kuona haraka alipokosea kuliko hata maprofesa: hapa Mwanza mama mwenye VVU anameza dawa zake, anajifungua mtoto salama, tunawaona kliniki kila wiki. Wale mabinti hawakuwa na ugonjwa wowote. Amewabadilisha watoto wasioumwa ili kuwakinga na kitu chenye kinga nyingine rahisi, kazi yenyewe haikukaa sawa kwenye chembe zote, na sasa wao ndo watakaobeba mashaka ya watoto wao watakuwaje. Mwaka 2023 wanasayansi walikutana London, wakasema wazi kwamba kubadilisha jeni za kurithi bado haikubaliki.

Mdogo wangu akaniambia lakini sikoseli sio kama ile, sikoseli ni mateso kweli. Sawa. Ndo nikamkumbusha sangara.

Babu yetu alikuwa mvuvi wa Sengerema, alikuwa anataja majina ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka unachoka, kuna wa mawe, kuna wa matope, kuna wa kula konokono. Miaka ya 50 wakoloni upande wa Uganda wakamwaga sangara ziwani, nia ilikuwa nzuri, samaki mkubwa, nyama nyingi, hela. Miaka ishirini hivi kimya. Miaka ya 80 sangara akalipuka, mamia ya aina za furu zikapotea, nyingine hakuna mtu amewahi hata kuzipa jina. Sisemi sangara hakuleta kitu, ada zangu za shule zilitoka kwenye sangara, viwanda hivi vya samaki ni sangara. Nasema huwezi kwenda kumtoa. Hakuna nyavu ya kumtoa. Sato wa kwenye vizimba ukiona anaumwa unavuta kizimba unakiangalia, ukikosea umekosea kizimba kimoja. Kutibu damu ya mgonjwa ni kizimba. Kubadilisha kiinitete ni kumwaga samaki ziwani.

Na ndo maana nilisema uishike ile ya Allison. Ukiifuta jeni ya S kwenye ukoo mzima unamfutia mtoto na kile kilichomkinga bibi yake na malaria, na malaria bado ipo, chandarua juzi kimepasuka nimeshona. Ile tunajua kwa sababu mtu alizunguka akapima. Zipo jeni ngapi ambazo hakuna aliyezunguka kuzipima?

Kuchagua kiinitete

Kuna njia ya katikati. Mimba inatungwa maabara, viinitete vinapimwa, asiye na SS ndo anawekwa tumboni. Hakuna jeni inayobadilishwa. Kanisa Katoliki, ambalo ndo lenye Bugando, linakataa kutunga mimba maabara, na mdogo wangu ni mwanakwaya, kwa hiyo kwake hili sio jambo dogo, sitamcheka wala sitamsukuma. Wengine wenye AS nawafahamu wangefanya kesho kama wangekuwa na hela, na siwahukumu.

Ila niseme kinachonikaa kooni. Mwanangu angekuwa ni mmoja wa wale walioachwa kwenye friji. Mtoto anayejua vivuko vyote vya ziwa hili kwa majina, anayenisahihisha nikikosea. Sijui niiweke wapi hiyo na naiacha hapo.

Kisu

Watu wanasema jeni zinatisha, upasuaji ni kawaida. Hapana, kisu nacho kina pande zake.

Mtoto wa mdomo sungura, haswa ukiwa umepasuka mpaka kaakaa, maziwa yanatokea puani. Mpeleke kisiwani, bado hanyonyi vizuri. Hajasema ndiyo, ni kichanga, lakini hakuna mtu mzima aliyeshonwa mdomo utotoni nikamsikia anamlaumu mama yake. Mshone, na usichelewe.

Makalio na hipsi. Huyu ni mtu mzima, mwili wake, amesema ndiyo mwenyewe na inaishia kwake, kwa hiyo sina haki ya kumfungia mlango. Lakini kisiwani haumii, hiyo nitamwambia. Na nitamwambia pia kwamba mwaka 2017 madaktari wa upasuaji wa urembo wenyewe walikadiria kifo kimoja kwa kila operesheni 3,000 hivi za kuhamishia mafuta makalioni, mafuta yanaingia kwenye mshipa mkubwa yanakimbilia mapafuni. Hao ni wenye leseni. Rafiki yangu alidungwa sindano gesti, na mtu ambaye jina lake la kweli hakulijua, mpaka leo anakaa upande mmoja na ngozi imekuwa ngumu kama ganda. Usiende gesti. Bora uulize hospitali, ukikataliwa ujue umekataliwa kwa sababu.

Na ukeketaji, ng'ambo ya Simiyu kule Mara, nao ni kisu kinachobadilisha mwili, tuache kuuita mila kana kwamba ni kitu kingine. Weka kwenye kipimo: binti alikuwa haumii popote, hakusema ndiyo, na kinachofanyika ni kwa ajili ya macho ya wengine. Inafeli kote. Sheria imekataza kwa walio chini ya miaka 18 tangu 1998 na bado msimu ukifika mabinti wanakimbilia nyumba salama. Anayesema krispa ni kuchezea kazi ya Mungu, aanzie hapo.

Ualbino

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndo lilinibadilisha mawazo. Mdogo wangu aliuliza, na ualbino je, si nao ni jeni, si bora uondolewe, hao watu wanateswa. Na tunajua walivyoteswa kanda hii hii, hatuhitaji kusimuliwa.

Nilikuwa kwenye meli ya Nansio nimekaa na mwalimu mmoja mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu, anajipaka mafuta ya jua kwenye masikio polepole, nyuma ya sikio, kwenye mkunjo, kama mtu anayepaka rangi mtumbwi. Nikamuuliza moja kwa moja, akasema kuna vitu viwili. Jua linamchoma kweli, na macho hayaoni mbali, hivyo vipo hata akiwa peke yake, kwa hiyo anataka mafuta, miwani na kukaa mbele darasani. Lakini panga halikutoka kwenye jeni zake, lilitoka kwa mganga na mteja wake. Akasema mkitufuta sisi, yule mteja atakuwa ameshinda.

Hapo ndo nikaelewa kipimo changu mwenyewe. Mafuta ya jua yanatengenezwa hapahapa nchini, kule hospitali ya KCMC Moshi, tuyapigie kelele yafike kila kijiji cha Ukerewe. Rangi ya ngozi, urefu, pua, hayo ambayo kisiwani hayaumi, tusiwabadilishie watoto kwa ajili ya macho yetu, iwe kwa krispa, iwe kwa mkorogo.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiniuliza mimi dada yako: msisubiri jeni zibadilishwe. Kwanza rudieni kipimo, sio kile cha haraka kinachosema tu chanya, kile hakitofautishi AS na SS, ombeni kinachoonyesha aina ya himoglobini. Alafu kaeni wawili bila sisi, mwamue kama mnaoana mkijua ile robo, na mkiamua kuachana hakuna aliyekosa. Mkizaa, mtoto apimwe akiwa mchanga, mimi wangu alivimba vidole akiwa na miezi 8 na kituo kimoja cha afya wakatutibia malaria mara tatu kabla mtu hajafikiria kupima damu yenyewe. Akiwa SS, vidonge mapema. Akipatikana ndugu anayefanana, Dodoma.

Juzi mwanangu alinikuta nasoma habari za Casgevy kwenye simu, akasoma mwenyewe, anasoma haraka. Akauliza mama hii ikija Bugando nitapata? Nikamwambia ni kuanzia miaka 12, ukifika nitakuuliza wewe. Akauliza inauma? Nikamwambia ukweli, inauma, wiki nyingi, na huenda usije kupata watoto. Akanyamaza, akachukua kidonge chake cha jioni akameza na uji, akasema basi nina miaka mitatu ya kufikiria.